Tufe la Kishindo

Mambo yalipoanza kwenda kombo, Radi alililaumu tufe.

Alikuwa mtu wa bucha tangu ujana wake, bega pana, kifua kama mlango wa ghala. Jina la Radi hakupewa kwa ajili ya sauti yake, maana alikuwa mpole wa kuongea mpaka wateja wakamtania kwamba ananong'onezana na nyama. Alipewa kwa ajili ya kile kishindo. Kila Jumamosi mchana alipanda ngazi hadi ukumbi wa bolingi, mchezo wa kubingirisha tufe zito kuangusha pini kumi, uliokuwa juu ya duka la samani, akacheza na timu ya watu wa mtaani kwao, na waliokaa pembeni wakinywa soda hawakuwa na haja ya kugeuza shingo. Wakisikia zile pini kumi zimetawanyika kila upande kama rafu ya sahani iliyoanguka jikoni, walisema tu, "Huyo Radi," wakaendelea na umbea wao.

Sasa kishindo kilikuwa kimepungua. Tufe liliondoka mkononi, likaenda, likafika, lakini lilifika kama mgeni anayebisha hodi kwa aibu. Pini za mbele zililala. Za pembeni zilitikisika kidogo, zikatulia, zikabaki zinamtazama.

"Limekufa hili," alimwambia mkewe. "Matufe nayo hufa, usifikiri. Linanyonya mafuta yanayopakwa kwenye njia ya mbao mwaka hadi mwaka, mwisho linakuwa kama sponji. Nataka jipya. Linalopiga."

Mkewe aliendelea kufuta kaunta. Wateja walimwita Mama Mizani, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akipima, na hakuna aliyewahi kumkamata amempunja mtu wala amemwongezea kwa upendeleo. Kuhusu matufe hakujua hili wala lile. Alichokijua ni gogo. Gogo la kukatia mifupa lilikuwa nyuma ya mgongo wake miaka yote ya ndoa yao, na masikio yake yalishazoea: pigo moja, mfupa umeachana. Siku hizi alikuwa akisikia mapigo mawili, matatu, kisha ukimya, kisha mtu akivuta pumzi. Mara moja aligeuka ghafla akamkuta mumewe ameshika shoka kwa mkono wa kushoto.

"Wa kulia una nini, baba watoto?"

"Naupumzisha. Nao ni mfanyakazi, una haki ya likizo."

Alicheka mwenyewe kwa utani wake. Mama Mizani hakucheka. Na Radi aliposema anakwenda kwa fundi kuchagua tufe, mkewe akavua aproni akasema, "Twende wote." Radi akatoa sababu chungu nzima: atachoka, kuna ngazi, duka litabaki na nani. Mume ambaye miaka yote alimbembeleza aje walau mara moja amwone akicheza, leo anamzuia mlangoni! Hapo ndipo moyo wa Mama Mizani ulipoingiwa na wasiwasi wa kweli.

Walifunga bucha mapema, wakaenda.

Fundi wa matufe alikuwa na chumba kidogo ubavuni mwa ukumbi. Walimwita Tundu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutoboa yale matundu matatu ya vidole, kila tufe kwa mkono wa mwenyewe. Ukutani kulikuwa na rafu za matufe ya kila rangi, na sakafu ilijaa unga wa plastiki uliotoka kwenye mashine ya kutobolea. Fundi mwenyewe alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu.

"Nataka linalopiga kwa nguvu," Radi alisema.

"Kila anayeingia humu anataka hilo," fundi akajibu. "Tangu nifungue, hajaja hata mmoja kuniomba linalobembeleza."

Akawatembeza kwenye rafu. Aliwaeleza kwamba uzito peke yake haupigi kitu. Tufe zito likirushwa polepole linafika limechoka, na jepesi mno likikutana na pini linapepesuka, linaacha kazi nusu. Kuna gamba la nje, ambalo likiwa na mkwaruzo linaing'ata njia mwishoni na kukata kona kuingia pale penye pini ya kwanza na jirani yake. Kuna kiini cha ndani, kinacholifanya lizunguke. "Lakini yote hayo," akasema, "yanaanzia mkononi. Nipe lako la zamani nione."

Radi akalitoa kwenye mfuko kwa mikono miwili. Fundi akavaa miwani, akachungulia tundu la dole gumba, kisha akaingiza kidole chake na kuanza kubandua kitu. Kilikuwa utepe, ule mweupe wa kufungia vidonda. Akabandua tabaka moja, la pili, la tatu. Yakaendelea kutoka. Mama Mizani alizitazama zile tepe zikirundikana mezani, akaukumbuka utepe uliokuwa ukiisha kila mara kwenye kisanduku cha dawa dukani, naye alikuwa akidhani mumewe anajikata na kuficha.

"Ingiza kidole sasa," fundi akasema.

Radi akaingiza. Dole gumba lake likacheza ndani ya tundu, huku na huku. Fundi akaushika ule mkono, akaugeuza chini ya taa. Nyama iliyokuwa imejaa kati ya dole gumba na kidole cha shahada haikuwapo. Palikuwa pamebonyea, ngozi imelala juu ya mfupa.

"Umepungua, mzee," fundi alisema kwa sauti ya chini.

"Nimeacha kula mafuta."

"Mwili mzima haujapungua. Ni mkono."

Radi akauvuta mkono wake kama aliyeungua. Akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya mwisho, kwenye matufe mazito kuliko yote, akachagua jeusi la kilo saba na ushee, lenye milia ya moshi. "Hili," akasema. "Hili linapiga." Akalinyanyua kwa mkono wa kulia, labda kwa hasira, labda kwa kuwa mkewe alikuwa akitazama. Lilifika usawa wa kiuno. Kisha vidole vikafunguka vyenyewe, bila ruhusa yake, na tufe likaanguka sakafuni kwa mshindo uliowafanya watu ukumbini wageuke. Likapasua kigae, likabingirika taratibu hadi kwenye miguu ya Mama Mizani.

Mama Mizani akainama, akaliokota, akalirudisha rafuni. Lilikuwa zito, ndiyo, lakini si zito kumshinda yeye, mwanamke aliyezoea kupandisha mapaja ya ng'ombe kwenye mizani. Na aliporudi kumtazama mumewe akaona kwamba na yeye amelifikiria jambo hilohilo.

Njiani Mama Mizani alisema neno moja tu: "Hospitali." Radi akajibu, "Usianze." Lakini hakukataa.

Vipimo vilikuwa vingi, na kila kimoja kilifanyika katika chumba chake na kwa foleni yake. Walimchoma sindano zenye nyaya kwenye misuli, wakamwambia asimame kwa visigino, avute, asukume, atoe ulimi. Mwisho wakaitwa kwa daktari, mama wa makamo aliyefunga mlango kabla ya kukaa.

"Misuli yako haina kosa," daktari alisema. "Mishipa ya fahamu inayoiamrisha ndiyo inayokufa. Imeanzia mkono wa kulia. Itaendelea."

"Itaendelea mpaka wapi?" Mama Mizani akauliza.

Daktari hakuzunguka mbuyu. Alisema mkono mwingine, miguu, kumeza, kuongea, na mwisho kabisa kupumua. Dawa ya kuchelewesha ipo. Ya kuponya haipo, na atakayewaambia anayo, wasimpe hata nauli.

Radi alikuwa ameinamisha kichwa akiutazama mkono wake juu ya paja. Chini ya ngozi misuli ilikuwa ikichezacheza yenyewe, kama maji yanayokaribia kuchemka. Alipouliza swali lake, Mama Mizani alitamani kumziba mdomo.

"Daktari, nikichukua tufe jepesi, nitaweza kucheza?"

Daktari alimtazama kwanza kama hakusikia vizuri. Kisha akasema, "Mchezo wenyewe siujui. Lakini cheza maadamu unaweza. Usingoje."

Radi alimwapisha mkewe asimwambie mtu. Binti yao aliyeolewa mbali aliambiwa baba ana uchovu. Wakaajiri mkataji wa nyama, na wateja wakaambiwa mzee sasa ni bosi, kazi yake kukaa na kunenepa. Watu wakacheka, wakaridhika.

Ndipo akaja mdogo wake Radi. Huyu alikuwa mchomeleaji wa mageti, mtu wa maneno machache na nyusi zilizoungua kwa cheche, na ndiye nahodha wa timu. Alikuja bucha saa za mchana, akaagiza maini ambayo hakuyahitaji, akasimama akihesabu ndoano ukutani.

"Kaka," akasema mwishowe, "mashindano yanakaribia."

"Najua."

"Vijana wanasema... tufe lako siku hizi halifiki. Wanasema tungemjaribu mwingine, mwaka huu tu."

"Vijana, au wewe?"

Mchomeleaji akaacha kuhesabu ndoano. "Mimi, kaka."

Mama Mizani alikuwa ameshika kisu cha kufungulia mifuko. Alikitua taratibu, asije akakitumia. Alimtazama mumewe, akingoja aseme neno moja tu ambalo lingemvunja miguu yule mwanamume. Radi hakulisema. Alitikisa kichwa kukubali, akasema, "Sawa. Mtafute mwenye mkono wa kulia mzuri," kisha akamwagiza mkataji asimtoze mchomeleaji bei ya maini.

Mlango ulipofungwa, mkewe akamgeukia. "Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambia angenibakiza kwa huruma."

"Na kuna ubaya gani?"

"Sitaki kubakizwa, mama. Nataka kuchaguliwa. Lakini tufe langu bado nalitaka. Sina timu sasa, basi nitalichagua kwa ajili yangu mwenyewe."

Walirudi kwa Tundu asubuhi ya katikati ya wiki, ukumbi ukiwa mtupu, taa za njia moja tu zikiwaka. Fundi hakuuliza kitu. Hata habari ya kigae hakuigusa. Alipanga matufe matano mepesi kwenye kirudishio, pale matufe yanaporudi yakisharushwa, yote ya majaribio, akarudi kwenye mashine yake na kuiwasha ingawa hakuwa na kitu cha kutoboa.

"Rusha wewe," Radi akamwambia mkewe.

"Mimi? Hata kushika sijui!"

"Mkono wangu umebakiza mitupo michache. Sitaki kuimaliza kwa kujaribu. Rusha, mimi nitasikiliza."

Basi Mama Mizani akavaa viatu vya kuazima vilivyombana, akasimama mbele ya njia ile ndefu inayong'aa, akarusha. La kwanza lilikwenda moja kwa moja mferejini, pembeni mwa njia. La pili nalo. Radi akaanza kucheka, kicheko ambacho mkewe alikuwa hajakisikia tangu siku ya utepe. "Unamwaga maji machafu au unarusha tufe? Acha mkono uning'inie, utembee kama kengele. Usilisukume, liache liende."

La tatu likafika. Jekundu. Likagonga pini kwa sauti kavu, likakengeuka. Radi, macho ameyafumba, akatikisa kichwa. "Linaogopa." Mkewe akarusha la manjano. "Linateleza tu hilo, halina meno." Akarudia, akakosea, akafika tena, jasho likimtoka na mgongo ukianza kulalamika. Kulikuwa na moja la rangi ya majivu, zito kidogo kuliko kilo tano, gamba lake lina mkwaruzo mkononi kama ulimi wa ng'ombe. Alilirusha ovyo. Lilianza upande, kama linalopotea, kisha mwishoni likaing'ata njia, likakata kona, likaingia penye pini ya kwanza na jirani yake. Kishindo kilimshtua yeye mwenyewe. Pini zikaruka.

Radi alifumbua macho. "Hilo."

Fundi akampima upya, akalitoboa lile la majivu kwa mkono ule kama ulivyokuwa sasa, dole gumba jembamba na yote. Na kwa kitambo fulani mambo yalikuwa afadhali kidogo. Walikuja asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu. Radi alirusha mara chache, akakaa, akapumzika, akarusha. Tufe lilikuwa limechaguliwa vizuri: hata likienda polepole lilikuwa na ule mvuto wa mwishoni. Siku moja aliangusha zote kumi. Hakushangilia. Alisimama kwenye mstari mpaka mashine ikazifagia na kupanga nyingine, ndipo akarudi kukaa.

Afadhali hiyo haikudumu. Vidole vilianza kushindwa kutoka kwenye matundu kwa wakati, kisha vikashindwa kubaki. Akaanza kulibeba kwa mikono miwili, akilisukuma kutoka katikati ya miguu kama wanavyofanya watoto. Akawa anatembea kwa kuburuza mguu. Mama Mizani alisema labda wapumzike wiki hii. Alisema hivyo mara kadhaa, na kila mara Radi alikuwa tayari ameshaketi mlangoni na mfuko wa tufe miguuni.

Siku ya mwisho hawakujua kwamba ukumbi umekodishwa. Kwenye njia ya pili kulikuwa na sherehe ya mtoto, maputo yamefungwa kwenye viti, watoto wanapiga kelele. Mama Mizani alitaka wageuke warudi. Radi akakataa. Aliburuta miguu hadi kwenye mstari, akainama, akalisukuma tufe la majivu kwa mikono miwili. Likaondoka taratibu. Lilikwenda polepole kiasi kwamba watoto walinyamaza kulitazama. Likayumba, likapoteza njia, na katikati likasimama. Likasimama kabisa, juu ya mbao, halisogei mbele wala nyuma.

Mtoto mmoja akacheka. Mama yake akamfinya, na kule kufinywa ndiko kulikomuumiza Radi zaidi kuliko kicheko. Mfanyakazi wa ukumbi akatembea mferejini kwenda kulichukua, akauliza kwa adabu, "Mzee, nikuletee kile chuma cha kuteremshia? Unaweka tufe juu, linajiendea lenyewe."

"Hapana, asante," Radi akasema. Akageuka kwa mkewe. "Basi, mama. Nimemaliza."

Ilimchukua muda mrefu kushuka zile ngazi. Chini, mbele ya duka la samani, alikaa kwenye kochi lililowekwa nje kwa maonyesho, na muuzaji alipotoka kumwondoa, akamwona uso, akarudi ndani.

Mchomeleaji alikuja kujua kama wanavyojua wote, kwa kusikia mtaani. Alifika nyumbani bado amevaa nguo za kazi, akasimama kizingitini. Timu ilikuwa imeshinda mashindano. Alikuwa amekuja siku chache kabla na kombe, akaliweka juu ya kabati lao, akajisifu, na Radi akampongeza kwa sauti ambayo tayari ilikuwa inaburuza maneno. Alidhani kaka yake amelewa.

"Ungeniambia," alisema. "Kaka, ungeniambia tu."

"Ulikuwa... umesema kweli," Radi akajibu polepole. "Tufe lilikuwa... halifiki."

"Shemeji, na wewe ukanyamaza?"

"Niliapishwa," Mama Mizani alisema. Hakuwa na nguvu za kumhurumia. Alikuwa na nguvu za kumgeuza mtu mzima kitandani, kupima nyama, kulipa mkataji, na kumwambia binti yao kwenye simu aje sasa, asingoje likizo.

Yule mchomeleaji alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, ameinamia mikono yake. Kisha akaona ndevu za kaka yake zilizoota ovyo, maana Mama Mizani alikuwa hapati nafasi, akaomba wembe na maji ya moto. Tangu siku ile akawa anakuja kila jioni akitoka kazini. Alikuwa hodari wa kukata chuma, lakini uso wa mtu hakuujua, na mara ya kwanza alimkata Radi kidevuni. Damu ikachuruzika. Radi hakuweza tena kuinua mkono kuifuta, wala kuongea vya kueleweka, ila macho yake yalikuwa yaleyale, na yalimtazama mdogo wake kwa upole, yakingoja.

"Samahani, kaka," mchomeleaji akasema, na safari hii machozi yakamtoka. "Samahani."

Mama Mizani akamletea kitambaa, akarudi jikoni kuponda chakula laini, maana kilikuwa kimebaki hicho tu ambacho mumewe angeweza kumeza.